Jinsi ya kudizaini koneta ya sirinji ya mtoto mchanga isiyoingia kwenye dripu hata ukiilazimisha

Saa tisa usiku, taa za wodi ya watoto njiti zimepunguzwa, ndani ya inkubeta kuna mtoto wa kilo moja na kidogo, puani kwake umepita mpira unaoshuka mpaka tumboni, mkononi kuna kanula ya dripu, na kifuani waya za mapigo ya moyo. Nesi ameingia zamu toka jioni, ameshika sirinji yenye mililita mbili za maziwa ya kukamua. Sasa kama mdomo wa hiyo sirinji unaingia vizuri kwenye mpira wa puani na unaingia vizuri vilevile kwenye kanula, basi wewe dizaina umemwachia nesi kazi iliyokuwa yako, na usije ukasema eti "angesoma lebo", lebo gani saa tisa usiku jamani.

Shida yenyewe ni ya zamani. Koneta, yaani kiungio cha sirinji na mpira, ya aina ya Luer ipo toka mwishoni mwa karne ya 19, ncha ndogo ya kama milimita 4 inayopanuka taratibu kwa asilimia 6, yaani kila milimita moja unayoingia ndani kipenyo kinaongezeka milimita 0.06, ukiisukuma inajibana yenyewe na haivuji. Kitu kizuri mno, na uzuri wake ndo ulioleta balaa kwa sababu kila mtu akaichukua: dripu, mpira wa tumbo, mkanda wa kupimia presha, mipira ya hewa, kila kitu kikaingiliana na kila kitu. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilishaandika habari ya maziwa kuingizwa kwenye mshipa kwa bahati mbaya. Maziwa sio dawa ya sindano, yana mafuta na yana bakteria, yakiingia kwenye damu yanaenda kuziba mishipa midogo ya mapafu na kuleta maambukizi, na kwa mtoto wa kilo moja hahitaji mengi. Uingereza walitoa tahadhari 2007 kwamba sirinji za dawa za mdomoni na za mpira wa tumbo ziwe za aina isiyoingia kwenye mshipa, alafu 2016 ikatoka standadi ya kimataifa ya ISO 80369-3 ambayo ndo inaeleza umbo la koneta za chakula, ile watu wanaiita ENFit.

Kwahiyo swali la kwanza kabla hujafungua hata programu ya kuchorea: je unahitaji umbo jipya kweli? Mara nyingi jibu ni hapana. Umbo limeshaandikwa, vipimo vipo, nunua hiyo standadi usome, ukianza kuvumbua lako unaongeza koneta nyingine duniani ambayo haijulikani inaingia wapi. Kazi yako kubwa iko kwenye vile standadi imekuachia: sirinji yenyewe, kifuniko, jinsi ya kuchota dawa, plastiki utakayotumia, na mkono wa mtu atakayeishika.

Haya, dume na jike, yaani upande unaoingia na upande unaopokea. Kwenye Luer sirinji ni dume na kanula ni jike. ENFit wakageuza, sirinji ni jike na mpira wa mtoto ndo dume. Akili yake ni nzuri, lakini kwa mtoto mchanga hapo ndo kuna mtego ambao ukiuruka umeharibu kila kitu, ngoja nikae hapa kidogo.

Mdomo wa sirinji ukiwa jike unakuwa na tundu pana, kama kikombe kidogo mbele ya mistari ya vipimo. Ukichota dawa moja kwa moja toka kwenye kikombe, hiyo nafasi ya mdomoni inajaa dawa ambayo haihesabiki kwenye mistari. Alafu unaunganisha na mpira, ile ncha dume inaingia ndani ya mdomo, inaisukuma ile dawa, nyingine inaingia kwenye mpira, nyingine inamwagika pembeni. Tuseme nafasi hiyo ni mililita 0.2. Kwa mtu mzima anayepewa mililita 10 hiyo ni asilimia 2, hakuna atakayejua. Kwa njiti anayepewa 0.5 hiyo ni asilimia 40, na kama ni dawa ya moyo au ya degedege hapo hatuongei tena habari ya usalama, tumemkinga na kosa moja tukamtumbukiza kwenye lingine.

Ndo maana kuna sirinji za dozi ndogo, zile zenye ncha nyembamba katikati iliyozungukwa na ukuta wenye thredi (mistari ya kukazia kama ya skrubu). Kwa nje bado inaungana na mpira uleule wa ENFit, lakini dawa inapita kwenye kijishimo chembamba cha katikati kwahiyo nafasi inayobaki ni ndogo sana. Kwa sirinji za kuanzia 0.5 mpaka kama mililita 5 mi siwezi kudizaini kitu kingine kwa ajili ya mtoto mchanga. Ila nayo ina tatizo lake, kati ya ile ncha na ukuta kuna kama mfereji wa duara, ukiizamisha kwenye dawa mfereji unajaa, na usipoukung'uta dawa hiyo inaenda na dozi.

Mfereji huu niliuona vizuri siku nilipoacha kuamini mchoro. Nilichukua maji nikatia rangi ya bluu ya keki, nikachovya sirinji kwenye kikombe, nikavuta 0.5, nikaigeuza kichwa juu kwenye mwanga wa dirisha. Pete ya bluu ilikuwa imekaa mle mferejini imetulia kabisa, haidondoki hata nikitikisa, maji yanajishika kwenye plastiki kama gundi. Nikaikung'uta kwa kidole mara mbili ndo ikatoka tone moja. Jaribu hili kabla hujafanya chochote kingine, ni rahisi kuliko majaribio yote na ndo linalofundisha kuliko yote.

Baada ya rangi nenda kwenye mzani. Maji mililita 1 ni gramu 1, kwahiyo ukiwa na mzani unaosoma gramu 0.001 unaweza kujua kila tone limeenda wapi. Pima chupa ndogo tupu, unganisha sirinji na kipande cha mpira ambacho umeshakijaza maji (kisipojazwa kitakunywa dozi yako na utadhani sirinji ndo mbovu), sukuma 0.5, pima tena. Rudia mara 30 na usiwe wewe peke yako, mpe na mtu ambaye hajui unatafuta nini kwa sababu mkono wako umeshazoea kurekebisha makosa bila wewe kujua. Mi hujiwekea mpaka wa asilimia 10 juu au chini kwa dozi ndogo kabisa nitakayoruhusu iandikwe kwenye sirinji, ikizidi hapo naondoa ule mstari kabisa, yaani mstari wa 0.1 usiwepo kama 0.1 haipimiki. Inauma lakini mstari wa uongo ni mbaya kuliko kukosa mstari.

Dawa nayo ichotwe na nini? Hapa watu wengi wanasahau kabisa. Sirinji bila kizibo chake cha chupa ni nusu ya kazi. Tengeneza kizibo cha kuchomeka mdomoni mwa chupa ya dawa chenye umbo la dume lilelile la mpira wa mtoto, ili wakati wa kuchota ile nafasi iwe imeshazibwa kama itakavyozibwa wakati wa kutoa, basi makosa mawili yanafutana na mfereji unabaki mkavu. Kama dawa iko kwenye kikombe weka kimrija cha kuchotea. Ukiuza sirinji peke yake jua tu kwamba itachovywa kikombeni.

Sasa plastiki. Umbo linakukinga pale tu linapobaki umbo. Prototaipu yangu ya kwanza niliiprinti kwa resini laini kwa sababu nilitaka ishikike vizuri mkononi, kwenye kompyuta vipimo vyote vilikuwa sawa na haingii kwenye Luer hata kidogo, nikaipeleka kwenye kanula tupu mezani nikasukuma kwa nguvu huku nazungusha na ikaingia, ikajikunja, ikabana, maji yakapita. Wiki tatu za kazi zikaishia hapo. ISO 80369 inataka plastiki ya koneta iwe na ugumu wa kutokunjika wa zaidi ya megapaskali (MPa) 700 na siku ile ndo nikaelewa kwanini kuna namba hiyo. Polipropilini inapita bila shida. Silikoni haipiti, iweke kwenye mpira unaoingia mwilini na kwenye kizibo cha ndani ya sirinji, usiiweke kwenye thredi. Polikabonati ni ngumu na inang'aa vizuri ila mafuta yanaitafuna taratibu mpaka inapata nyufa, na maziwa pamoja na dawa nyingi za watoto zina mafuta, kwahiyo iache iloweke kwenye mafuta ikiwa imekazwa ndo uone. Na vya kuprinti nyumbani viishie mezani, visiguse mtoto, resini ya printa sio kitu cha mdomoni.

Jaribio la kutoingiliana lifanye kwa ubaya wote ulionao. Kusanya koneta zote utakazozipata: kanula, njia tatu za dripu, mipira ya oksijeni, mkanda wa presha, sindano za mgongoni. Chukua sirinji yako iliyotoka kubwa kabisa na iliyotoka ndogo kabisa kwenye moldi (umbo la kumiminia plastiki), sio ile nzuri ya katikati. Lazimisha. Zungusha kinyumenyume, ingiza upandeupande, lowanisha na maziwa kwanza maana kitu kikiteleza kinaingia pale ambapo kikavu kilikataa. Alafu usiangalie tu kama imeshika, angalia kama maji yanapita, kwa sababu mtu aliyechoka anaweza kuishikilia kwa mkono sekunde kumi na hizo zinatosha kabisa.

Rangi tia, zambarau imezoeleka sana kwa vitu vya kulishia, ila usiihesabu kama kinga. Kwenye mwanga hafifu zambarau na bluu ni ndugu, na kuna watu wasioona rangi vizuri. Rangi inamsaidia mtu kuchagua haraka, umbo ndo linamzuia.

Mikono je? Vaa glavu, zilowanishe, funga na fungua mara hamsini. Thredi iwe ya nusu mzunguko hivi na iwe na mahali inapogota ili mtu ajue imefika, kama haina mwisho unaosikika vidoleni watu wataikaza mpaka basi, alafu maziwa yanakauka mle ndani yanakuwa gundi na kesho yake mama anaifungua kwa meno. Weka vijibawa pembeni au mistari ya kushikia, na vile vijibawa visiwe na kona kali kwa sababu vinalala kwenye shavu la mtoto siku nzima. Mfereji wa upande wa mpira nao lazima brashi ndogo ifike, kama we mwenyewe huwezi kuusafisha kwa brashi yako mezani basi maziwa yaliyooza yatakaa humo.

Ukubwa wa sirinji nao uutazame, kwa sababu nguvu ileile ya kidole ikisukuma sirinji nyembamba inatoa presha kubwa zaidi kuliko kwenye nene, na mpira wa mtoto ni Fr (French, kipimo cha unene wa mipira) 5 au 6, yaani milimita 1.7 mpaka 2 kwa nje. Ukishaweka koneta imara isiyochomoka, presha yote inaenda kwenye mpira. Upime mpira wenyewe kwa sirinji ndogo kabisa utakayouza, ukiwa umeziba mwisho wake, na uone unapasuka wapi.

Adapta ni ugomvi mwingine. Mtu atakuja kukuambia hospitali ina mipira ya zamani, tutengenezee adapta ya kutoka ENFit kwenda Luer. Kataa. Hiyo adapta ikishakuwa mfukoni mwa mtu kazi yako yote ya juu imefutika, na tena ni kitu kidogo kinachoweza kuingia mdomoni mwa mtoto kikamkaba. Kama kipindi cha mpito kinailazimu, iwe ni ya kwenda kwenye mipira ya zamani ya chakula tu, na iwe imefungwa kwenye mpira isiweze kubebwa.

Na kifuniko cha sirinji, kile kidogo unachokiona hakina maana. Sirinji za kawaida za sindano zina vifuniko vinavyong'ang'ania mbele, mzazi anavuta dawa bila kukiona, anasukuma mdomoni mwa mtoto, kifuniko kinaruka na kwenda kooni. Ama usiweke kabisa kwenye sirinji ya mdomoni, ama kiwe na mkanda unaokishikilia kwenye sirinji, kiwe kikubwa kuliko koo la mtoto na kisiruhusu dawa kuvutwa kikiwa bado kimefungwa, alafu kivute kwa nguvu mara mia uone mkanda unakatika lini.