Andaa bustani ya uani kabla masika hayajaingia

Huku Dar es Salaam masika huanza Machi na kuisha Mei. Kazi yake lakini ni ya Februari, ardhi ikiwa bado kavu na jembe halijaanza kubeba tope. Miaka yote niliyolima uani nimeona bustani nyingi zikifa kwa maji kuliko kwa ukame, ndiyo maana naanza na maji, mbegu baadaye.

Hatua ya 1: Yajue maji yanapita wapi. Tafuta alama zilizoachwa na mvua za vuli: palipochimbika, palipokusanya mchanga, ukuta uliorukiwa na matope. Kama huoni kitu, mwaga ndoo mbili chini ya ukingo wa bati uyafuate kwa macho. Hapo chimba mfereji wa kina cha kiganja, uelekee kwenye mgomba. Mgomba hushukuru. Mpapai usiuelekezee maji kabisa, kwani yakituama siku mbili tatu mizizi inaoza, na mti uliokaribia kuzaa unaanguka. Wala mfereji usiishie kwa jirani.

Hatua ya 2: Inua matuta. Kiangazi tunazamisha matuta ili yashike maji. Masika tunayainua sentimita 20 hadi 30. Upana usizidi mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Mchanga wetu wa pwani hauna nguvu, basi changanya debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe imeoza vizuri. Chota kiganjani uinuse: ikinuka udongo wa msituni, iko tayari, ikinuka zizi au ikiwa na joto, iache, itaunguza mizizi.

Hatua ya 3: Panda kinachopenda mvua. Matembele ndiyo mboga ya masika. Kata marando ya urefu wa sentimita 30, fukia pingili tatu, acha ncha nje. Baada ya wiki sita hivi unachuma, na ukichuma ncha yanazidi kutoa machipukizi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane, kisha funika tuta kwa nyasi kavu matone yasizichimbue. Zikiota, siku ya nne au ya tano, ondoa nyasi jioni, si mchana wa jua. Wiki ya nne unang'oa ya kwanza.

Nyanya nakusihi uiache. Unyevu wa masika huleta ukungu unaokausha majani kabla tunda halijaiva. Sia kitaluni Mei, hamishia tutani Juni, kipupwe kikiingia.

Hatua ya 4: Punguza mwembe. Msimu wa embe umeshapita, kwa hiyo kata sasa matawi makavu na yanayosuguana. Acha kivuli, utakikalia.

Hatua ya 5: Ondoa mazalio ya mbu. Hatua hii watu huiruka, na mimi siwezi kuiruka. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ukarudi 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache tu: kifuu, kopo, tairi, kisahani cha chungu cha maua. Kumwaga hakutoshi, maana mayai hubaki yameganda ukingoni yakisubiri mvua nyingine. Sugua kwa brashi kila wiki.

Hatua ya 6: Tengeneza mahali pa kukaa. Chini ya mwembe sawazisha mita 2 kwa 3, inua kidogo, mwaga kokoto kwa unene wa vidole vitatu. Mvua ikikatika saa tisa, saa kumi na moja pameshakauka: tandika mkeka, leta sinia la matembele, wakubwa wachambue na watoto wacheze, mpaka karibu na magharibi.