Timu imekosa mtoano kwa pointi moja: namna ya kuupitia msimu mzima kwenye daftari

Ligi ikiisha timu yako ikiwa ya tano, na zinazosonga mbele ni nne, maneno huanza jioni hiyohiyo, hapa Kigoma, Mwanga hadi Ujiji. Huyu anamtaja mwamuzi, yule anaikumbuka penalti iliyogonga mwamba, mwingine anamalizia kwa kipa. Kila mtu ameshika mechi yake moja. Lakini pointi moja haipotei mahali pamoja. Imepotea kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza, na njia ya kuiona ni kuzipima mechi zote kwa kipimo kimoja, zile mlizoshinda zikiwemo.

Kazi hii ifanyike ndani ya siku kumi baada ya mechi ya mwisho. Mkichelewa, wachezaji wengine watakuwa wamerudi Kasulu na Kibondo, wengine wako ziwani, na kumbukumbu za dakika zitakuwa zimechanganyika. Watu wanne wanatosha: kocha, katibu, nahodha na mtunza vifaa. Mtunza vifaa msimwache, maana ndiye anayejua gari lilifika saa ngapi na nani alicheza na kiatu kilichopasuka. Vifaa ni kaunta buku moja, kalamu za rangi mbili, nakala za ripoti za mechi na orodha za wachezaji, na simu zenye video.

Kila mechi ipewe mstari wake: tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo, dakika ya kila goli, dakika ya kila badiliko, kadi, majeruhi, hali ya uwanja, saa ya kufika. Mara nyingi kinachokosekana ni dakika za magoli, na hapo video za mashabiki zinaokoa. Mtafute aliyerekodi, ufungue taarifa za faili kwenye simu yake mwenyewe, usome saa. Tuseme mechi ilianza saa 10:05 alasiri na goli limerekodiwa saa 11:38. Hizo ni dakika 93. Toa 15 za mapumziko zibaki 78, kisha toa zilizoongezwa kipindi cha kwanza, tuseme mbili. Goli ni la dakika ya 76. Video uliyotumiwa kwa WhatsApp haifai kwa hesabu hii, kwa sababu simu yako mara nyingi huandika saa uliyoipokea wewe, siyo saa ya kurekodi.

Baada ya hapo fanyeni hesabu ya pointi zilizodondoka. Chukua mfano wa ligi ya timu kumi, nyumbani na ugenini, mechi 18, pointi 54 zilizokuwa mezani. Timu yako imeshinda 7, sare 6, imefungwa 5: pointi 27. Aliyeshika nafasi ya nne ameshinda 8, sare 4, amefungwa 6: pointi 28. Yeye amefungwa mara nyingi kuliko ninyi na bado amepita. Hapo tayari kuna jambo. Kila sare imewatoa pointi mbili, na sare sita ni pointi 12. Timu inayosema “hatufungiki kirahisi” inaweza kuwa inazama kwa sare, na msemo huo ukawaziba macho msimu mzima.

Sasa funika robo saa ya mwisho. Andika matokeo ya kila mechi yalivyokuwa dakika ya 75, kisha piga msimamo mpya. Kwenye mfano wetu, mechi tatu mlikuwa mnaongoza mkaishia sare, hapo zimetoka pointi sita. Moja ilikuwa sare mkafungwa, imetoka moja. Mbili zilikuwa sare mkashinda, zimeingia nne. Maana yake dakika ya 75 mlikuwa na pointi 30, na dakika za lala salama zimewagharimu tatu. Wengi hapa huandika zile saba zilizotoka na kusahau nne zilizoingia, wakatoka na picha ya timu inayokata pumzi kupita kiasi. Andika pande zote mbili kwa rangi tofauti.

Kosa hilohilo hurudi kwenye mechi za tofauti ya goli moja. Mkifungwa mechi nne kwa goli moja, kijiweni wataita bahati mbaya. Hesabu na ushindi wenu wa goli moja. Ukikuta ni mechi tano kati ya saba, bahati imewalipa, haiwadai kitu, na tatizo ni kwamba hamfungi magoli ya kutosha kuizika mechi.

Kazi kubwa zaidi ni daftari la magoli mliyofungwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila goli lipewe nusu ukurasa, na usianzie kwa kipa. Rudi nyuma miguso minne kutoka goli lenyewe. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: “Mechi ya 11, ugenini, dk 78, tulikuwa tunaongoza 2–1. Mguso wa mwisho: kichwa, nguzo ya mbali, beki wetu wa kulia amesimama nyuma ya mfungaji. Kabla yake: kona ya kushoto. Kabla yake: beki wa kati ametoa mpira nje bila shinikizo, alikuwa na nafasi ya kumrudishia kipa. Kabla yake: winga wetu amepoteza mpira akijaribu kumpita mtu katikati ya uwanja, tukiwa mbele.” Ukisoma hivyo, goli lililoandikwa kuwa la beki wa kulia lina watu watatu ndani yake, na lina uamuzi wa benchi pia: winga huyo alikuwa amecheza dakika zote, na badiliko la kwanza lilifanyika dakika ya 83.

Kurasa zikijaa, zipange kwa hali ya mchezo: kona, faulo, mipira ya kurusha, penalti, shambulizi la kushtukiza, na mchezo wa kawaida. Wanaofanya mgawanyo huu kwa ukali ni watu wa lakrosi ya ndani, mchezo wa kudaka na kurusha mpira mdogo kwa fimbo zenye wavu, huko Marekani na Kanada. Kila timu ina wachezaji watano na kipa, robo nne za dakika 15, na sekunde 30 tu za kupiga langoni kila wanapopata mpira. Magoli ni mengi, kwa hiyo jumla peke yake haiwaelezi kitu. Ndiyo maana huhesabu mbali yale ya muda ambao mchezaji mmoja ametolewa kwa adhabu, na huhesabu nani ameokota mipira iliyolegea chini. Katika ligi yao ya kulipwa, msimu wa 2023/24 timu 15 zilipangwa kwenye msimamo mmoja, kila moja ikacheza mechi 18, na nane za juu zikaingia mtoano. Kwa ratiba fupi namna hiyo mechi moja huondoa timu, sawa kabisa na ligi ya mkoa. Kwetu, mpira uliolegea ni ule wa pili unaodondoka baada ya kipa kupiga mbele. Mpe kijana mmoja wa akiba kazi ya kuuhesabu kwa vistari: tumeokota sisi, wameokota wao. Baada ya mechi sita utakuwa unajua kama kiungo wako anashinda au anapendwa tu.

Kuna safu moja ambayo timu za mwambao wa ziwa zinapaswa kuiongeza, nayo ni mwezi. Wachezaji wanaovua dagaa kwa taa, Kibirizi au Katonga, huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Weka alama ya giza au mbalamwezi mbele ya kila tarehe, kisha tazama mechi za giza peke yake: nani alitolewa mapema, magoli ya mwisho yaliingia lini, misuli ilikaza kwa nani. Ukiona uhusiano, usimlaumu kijana anayetafuta riziki. Mweke akiba wiki hizo, umwingize dakika ya 60, au kaeni na mwenye chombo mkubaliane usiku mmoja wa mapumziko kabla ya mechi. Fikiria na fedha pia. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mchango wa wavuvi wa mwaloni ukisimama, nauli ya mechi za mbali nayo hutetereka. Linganisha saa za kufika ugenini na matokeo ya kipindi cha kwanza. Timu iliyofika saa moja kabla ya mechi, imekaa kwenye gari tangu alfajiri na kula chapati mbili njiani, huanza kucheza dakika ya 20.

Makaratasi yapewe siku yake. Mchezaji ambaye leseni haijatoka, aliye na adhabu ya kadi, au aliyeandikwa jina tofauti na la kitambulisho, anaweza kuwanyang’anya ushindi mlioutolea jasho. Mkoa jirani kuna mfano unaojulikana na wote: Agosti 2023 Kitayosce ya Tabora, iliyokuja kuitwa Tabora United, iliianza mechi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane kwa sababu ya usajili, na mchezo ukavunjwa kipindi cha kwanza walipobaki pungufu ya saba. Hilo lilitokea ligi kuu, mbele ya kamera. Katibu wako apitie orodha zote za msimu na kujibu: ni mechi ngapi tulikosa mtu kwa karatasi badala ya jeraha? Halafu afungue kanuni asome timu zikilingana pointi hutenganishwa vipi, kwa tofauti ya magoli au kwa matokeo yao wenyewe kwa wenyewe. Kama ni tofauti ya magoli, ile mechi mliyokuwa mbele 3–0 mkaanza kupigiana chenga za kuwafurahisha watazamaji nayo iandikwe.

Mkutano wa timu uje baada ya haya yote, na usizidi dakika 90. Someni namba kwanza bila jina la mtu hata moja: sare ngapi, magoli mangapi baada ya dakika ya 75, mangapi ya kona. Majina yasubiri nusu ya pili, na mchezaji anayetajwa awe ameoneshwa ukurasa wake pembeni, siku moja kabla. Mkianza na majina, mkutano utakufa dakika ya kumi, na nusu ya chumba itakuwa inamtetea ndugu yake. Pia msimwondoe kocha kabla ya mkutano huu. Akiondoka, nusu ya majibu huondoka naye, na anayekuja ataanza upya na makosa yaleyale.

Mkitoka hapo chagueni mambo matatu tu. Timu zilizokosa kidogo huharibika zikibadilisha kila kitu, kwa sababu pengo la pointi moja linazibwa na marekebisho madogo, na usajili wa watu kumi huleta timu ngeni. Kila jambo lipewe mtu, tarehe na kipimo. Kwa mfano wetu: kocha msaidizi atamaliza mazoezi mawili ya kila wiki kwa mchezo wa dakika 12 unaoanza kikosi cha kwanza kikiongoza 1–0, miguu ikiwa imeshachoka. Badiliko la kwanza litafanyika kabla ya dakika ya 65, labda kuwe na jeraha lililoharibu mpango. Katibu atakagua leseni na kadi kila Alhamisi na kusaini.

Mashujaa ya hapa Kigoma ilipanda ligi kuu mwaka 2023 kwa mechi za mtoano dhidi ya Mbeya City, kwa hiyo kila kijana wa mkoa huu anajua mlango huo unafunguka. Daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ibaki kwa katibu na nyingine kwa nahodha, na mstari wa mechi ya kwanza ya msimu mpya uchorwe kabla mpira haujaanza kupigwa, safu ya dakika ikiwa na jina la atakayeiandika.