Stoo ya chini ya ngazi imekuwa chumba cha kushonea, hatua kwa hatua

Asalaam aleikum jamaa, wengi mumeniuliza vile tulivyoigeuza ile stoo yetu ya hapa Mkomani, Lamu, ikawa chumba cha mamangu cha kushonea, basi leo nimekaa nieleze. Stoo futi 5 kwa 7, imejaa ndoo za rangi na majamvi mabovu, na mama cherehani iko barazani, mvua ikija yuaibeba mbio ndani na magoti yamuuma. Sikuweza kuendelea kuona vile.

Kwanza toa kila kitu nje. Kisha bandika kipande cha plastiki ukutani kwa gamtepu pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya plastiki maji yatoka ukutani, yakiwa mbele ni jasho la hewa ya chumba tu.

Pili ukuta, na hapa ndo nataka munisikize sana. Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta huo wapumua. Fundi wa kwanza alinipigia simiti, masika ilipopita ikavimba ikaanguka vipande vipande, nyuma yake unga mweupe wa chumvi, ukigusa waganda kidoleni. Tukabandua yote, tukaacha ukauke miezi miwili, tukapiga chokaa kwa mchanga, moja kwa tatu, na kila jioni twanyunyiza maji kidogo isikauke ghafla ikapasuka. Mchanga usichote ufuoni, chumvi ile ile wairudisha! Juu paka chokaa, rangi ya mafuta wacha.

Tatu, mlango wa mbao nzima tukautoa tukaweka wa luva, wa vibao vyenye nafasi, hewa ipite, na taa moja ya LED, waya afanye fundi wa stima.

Meza ni plaiwudi yenye bawaba, yakunjika, lakini ina miguu yake sakafuni manake matumbawe hayashiki skrubu vizuri. Zidaka mbili, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwako ndo rafu za nyuzi. Yote shilingi 11,600 pamoja na punda wa mchanga.

MASWALI

Niko Malindi, nyumba ya bloku, nipige chokaa pia?
Si lazima dadangu, bloku na simiti zaelewana. Tafuta kwanza maji yaingilia wapi.

Naweza kutoboa dirisha?
Mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, pitia ofisi ya Makumbusho kabla hujagusa ukuta wa nje.

Mtoto aweza kulala humo?
Hapana kaka, hakuna dirisha. Kushona mchana mlango wazi sawa, kulala mie singekubali.

Boriti zangu zina vitundu na unga chini, ni mchwa?
Mchwa hujenga njia za udongo, hao ni wadudu wengine wa mbao. Gonga na nyundo, ikilia tupu mwite seremala kabla hujaweka kitu chochote ndani.