Stima ikizima au mafuta yakikauka: kaunti inaweza kuamuru nini?

Kosa kubwa hufanyika siku ya kwanza: gavana anasimama mbele ya kamera na kutangaza "hali ya hatari". Mamlaka hayo si yake. Kifungu cha 58 cha Katiba ya Kenya kimemwachia Rais, na tamko la gavana halifungui akaunti yoyote wala halimpi askari wa kaunti nguvu mpya.

Kwa hiyo, kama wewe ni kiongozi wa kaunti, anza kwa kujua mipaka. Jedwali la Nne la Katiba linazitaja kaunti katika usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi, lakini gridi ya taifa haiko mikononi mwao, na bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Uhaba kama ule wa Aprili 2022 ukirudi, usipange bei yako, na usimtume askari wa kaunti kufungua tangi la kituo kinachodaiwa kuficha mafuta. Hapo umeingilia Kifungu cha 40 kinacholinda mali ya mtu. Iandikie EPRA ukitaja kituo, tarehe, saa na ulichokiona, nakala kwa kamishna wa kaunti. Foleni ni kazi ya polisi, na polisi hawapokei amri ya gavana.

Nguvu yako halisi iko kwenye hospitali, maji na pesa za kaunti yenyewe.

Msimamizi wa hospitali aandike memo yenye hesabu. Mfano: jenereta yenye uwezo wa kVA 100 ikibeba robo tatu ya mzigo hula takriban lita 17 kwa saa, hivyo tangi la lita 500 halifiki saa 30. Ataje kitakachoharibika kwanza, kama damu inayohitaji nyuzi 2 hadi 6. Memo inayosema tu "hali ni mbaya" haimsaidii mtu.

Kwa memo hiyo, waziri wa fedha wa kaunti anaweza kuidhinisha malipo kutoka Mfuko wa Dharura chini ya kifungu cha 112 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mradi haja ni ya haraka na haikutarajiwa. Hakikisha kwanza mfuko wenyewe upo: huanzishwa kwa idhini ya bunge la kaunti, na malipo yake kwa mwaka hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia yaliyokaguliwa. Kama haupo, imebaki bajeti ya ziada, nayo haiji upesi.

Kwenye ununuzi ndipo wengi hunaswa. Kifungu cha 103 cha Sheria ya Ununuzi ya 2015 kinaruhusu kununua moja kwa moja kwa dharura, ila isiwe dharura iliyoweza kutabirika au iliyoletwa na uzembe wako. Kenya ilizimika karibu nchi nzima Agosti, Novemba na Desemba 2023. Baada ya hapo, ni vigumu kumshawishi mkaguzi kwamba giza lilikushtukiza. Ingia mapema mkataba wa kuitisha dizeli inapohitajika, bei ikifuata tangazo la EPRA. Ukilazimika kununua moja kwa moja, mkataba uandikwe hata hivyo, na ununuzi wa zaidi ya shilingi 500,000 uripotiwe kwa mamlaka ya ununuzi, PPRA, ndani ya siku 14 tangu kumwarifu mshindi.

Malipo yakishatoka, una miezi miwili kupata idhini ya bunge la kaunti. Likiwa likizoni, muda ni siku 14 tangu litakaporejea. Kisha hufuata mswada wa kuidhinisha matumizi na kuujaza mfuko upya.

Tangu saa ya kwanza, andika kwenye daftari usomaji wa mita ya saa ya jenereta, lita zilizopokelewa, nambari ya gari lililozileta na sahihi ya aliyezipokea. Mkaguzi atalinganisha risiti na mita hiyo: lita 2,000 kwa saa 40 za jenereta ya kVA 100 ni karibu mara tatu ya inachokula ikibeba robo tatu ya mzigo.