Kabla hujaenda kuchomwa sindano za Kichina, soma hapa kwanza

Siku hizi mtu akilalamika mgongo au goti au kichwa cha kila wiki, lazima atokee mmoja wa kumwambia "nenda kwa Wachina ukachomwe sindano". Na sio kitu cha jana, timu za madaktari wa Kichina ziko Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968. Mi sikukatazi kwenda, ila watu wengi wanaenda kichwa kichwa, kwa hiyo kuna vitu vya kuweka sawa ukiwa bado nyumbani.

Cha kwanza kabisa, ujue unaumwa nini. Akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, inatuliza maumivu, haikwambii maumivu yametoka wapi, na mgongo unaouma miezi huku unatoka jasho usiku, vihoma vya jioni na nguo zinaanza kukupwaya, hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo na inatibiwa kwa vidonge vya TB, sindano haigusi kitu pale. Piga picha ya mgongo hospitali kwanza. Alafu ukiona ganzi kwenye mapaja kwa ndani na sehemu za siri, au mkojo umeanza kukutoka wenyewe au umegoma kutoka, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usisubiri kesho.

Pili usiende na matumaini ya miujiza. Kijisindano chenyewe hakina dawa ndani, ni chembamba kama unywele, kinachomwa na kuachwa dakika 20 mpaka 30 hivi, unasikia uzito fulani au kama shoti kidogo, basi. Kwa mgongo sugu, goti lililosagika na kipandauso kuna watu wengi wanapata nafuu. Wajerumani walijaribu kwa wagonjwa wa mgongo 1,162, majibu yakatoka 2007, wale wa akupancha walipata nafuu karibu mara mbili ya wale wa vidonge na mazoezi ya kawaida, lakini sasa cheki hapa, kulikuwa na kundi la tatu waliochomwa juu juu tu na sehemu zisizo zenyewe, nao wakapata nafuu karibu sawa na wale waliochomwa kwa ufundi! Mi naona nafuu ni nafuu, ila hao wanaokwambia kuna mishipa ya siri wanaijua wao peke yao, wasikilize huku umeshika pochi yako.

Presha na sukari ni habari nyingine. Hapa nasema kwa herufi kubwa, USIACHE DAWA. Si tunakumbuka Loliondo 2011, watu wametoka wodini wamepanga foleni kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, na wengine waliacha dozi kabisa. Mtaalamu yeyote akikwambia weka pembeni amlodipini ya presha au insulini ya sukari ili sindano "zifanye kazi vizuri", we vaa viatu uondoke. Kama unataka kujua inakusaidia au la, pima presha asubuhi na jioni wiki nzima kabla hujaanza, andika kwenye daftari, sio unapima siku umejisikia vizuri tu.

Siku ya kwenda beba maboksi ya dawa zako zote kwenye mfuko, mana majina yanasahaulika na wakati mwingine mnaongea kupitia mkalimani. Sema kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, kama ni mjamzito, kama una betri ya moyo (mana kuna sindano zingine wanaziunga na umeme). Mwenye sukari ambaye nyayo zimeshaanza ganzi aseme mapema kabisa, kuna mambo ya taa za joto na majani yanayochomwa karibu na ngozi, wewe husikii moto, unaenda kugundua nyumbani malengelenge, na kidonda cha mguu wa sukari tunakijua kinavyoishia.

Usiende na njaa, watu huzimia. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla, na mwezi wa Ramadhani omba nafasi ya baada ya kufuturu. Vaa nguo pana inayopanda mpaka magotini. Na kama huko wanaangalia ulimi, wengi wanaangalia, basi siku hiyo achana na ubuyu wa rangi na tambuu, utakutwa na ulimi mwekundu ushaanza kusomewa magonjwa usiyokuwa nayo.

Sindano ziwe za kutumia mara moja, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na hesabu zinazoingia na zinazotoka. Kwa Bara uliza usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukichomwa kifuani au mabegani alafu baadae pumzi inakubana, kimbia hospitali, sindano ikienda ndani sana inaweza kutoboa pafu, ni mara chache lakini ipo.

Dawa za unga na vidonge vyeusi vya kuondoka navyo, hapo ndo mi huwa na wasiwasi kuliko hata sindano. Nyingi zina mzizi wa likorisi ambao unapandisha presha, na zingine zimeshakutwa zimechanganywa steroidi kimya kimya. Isiyo na maandishi ya kilichomo iache hapo hapo mezani.

Mwisho hela. Usilipe pakeji nzima siku ya kwanza hata ukipewa ofa. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, tangu 2020 inalipia mgongo sugu mara 12 ndani ya siku 90, ukionyesha nafuu wanaongeza 8, usipoonyesha wanasitisha. Na wewe jiwekee ukomo wako mapema, mwambie mtaalamu siku ya kwanza kabisa kwamba mkifika mara ya sita mtakaa muangalie lile daftari pamoja.