SOMO: Gurudumu la kamera ulizungushe wapi? Modi za kutumia kwa picha za kila siku

Wakuu, habari zenu. Wengi mnaoanza na kamera kama Canon 2000D au Nikon D3500 mnakutana na swali lile lile: zile herufi za juu nizungushe wapi? Na jibu mnalopewa mara nyingi ni kwamba mpiga picha wa kweli hutumia M, yaani kupanga kila kitu mwenyewe. Silikubali jibu hilo, na ndiyo sababu ya somo hili. Kwa picha za nyumbani, mtaani, safarini na kwenye shughuli za ukoo, modi itokane na swali moja tu: katika picha hii, ni kipi kikikosewa hakirekebishiki tena?

Hatua ya 1: Yajue mambo matatu

Mwanga wa picha unaamuliwa na tundu la lenzi, kasi ya shata (muda pazia la kamera linabaki wazi) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Tundu huandikwa kwa namba za f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa: f/1.8 inaingiza mwanga mwingi na kuifanya sehemu ya nyuma ya mtu iwe na ukungu, f/11 inaingiza mwanga kidogo lakini mbele hadi nyuma panaonekana vizuri. Shata ya 1/1000 ya sekunde inagandisha mwendo, ya 1/15 inauacha mwendo uonekane. ISO ukiipandisha unapata picha gizani, ila chenga, vile vidoa vidogo vidogo kwenye picha, nazo zinaongezeka. Modi ni kukubaliana na kamera nani aamue lipi.

Hatua ya 2: Soma gurudumu

Kisanduku cha kijani, kamera inaamua yote, hata kufyatua fleshi bila kukuuliza. P, kamera inachagua tundu na shata, wewe unabaki na ISO, fleshi na kitufe cha +/- cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Tena ukizungusha gurudumu dogo la kidole ukiwa kwenye P, unabadilisha tundu na shata kwa pamoja bila mwanga wa picha kubadilika. Anayetoka kwenye kijani aanze hapo. A, ambayo Canon wanaiandika Av, wewe unachagua tundu, kamera inatafuta shata. S, au Tv kwa Canon, ni kinyume chake. M, vyote viko mikononi mwako.

Wenye Fujifilm kama X-T3 hamtaona herufi hizi juu. Kwenu, pete ya lenzi na gurudumu la shata vyote vikiwa kwenye A (hapa maana yake ni otomatiki), mko kwenye P. Ukiiondoa pete peke yake kwenye A, umeingia kwenye modi ya tundu.

Hatua ya 3: Weka A, na ISO iwe ya otomatiki

Hapa ndipo nataka kamera yako ikae siku nyingi. Ukitembea Kariakoo, uchochoro mmoja una kivuli kizito, ukikata kona jua linakupiga usoni. Kwenye M utakuwa unazungusha vitufe wakati tukio limeshapita. Kwenye A, kamera inafukuzana na mwanga na wewe unabaki na macho yako kwa watu.

Anza na f/5.6 kwa matembezi ya kawaida. Watu wamejipanga safu mbili au tatu, nenda f/8. Uso wa mtu mmoja, fungua hadi pale lenzi yako inapofika. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera huishia f/5.6 ukiivuta hadi 55, kwa hiyo usijilaumu ukungu wa nyuma ukiwa hafifu. Mwambie mtu asogee mbali na ukuta, nawe umsogelee.

Kisha ingia kwenye menyu ya ISO ya otomatiki. Weka kikomo cha juu 3200, au 6400 kama kamera yako ni ya karibuni. Kama ina sehemu ya kupanga shata ya chini kabisa, andika 1/125. Watu wengi hawaigusi sehemu hii, kisha wanalaumu kamera. Bila kikomo hicho cha shata, ikifika magharibi kamera inaweza kushusha shata hadi 1/30 kimyakimya, na mtoto aliyegeuza kichwa anatoka na nyuso mbili. Picha yenye chenga unaweza kuisafisha kwenye kompyuta au ukaiacha ilivyo, bado ni picha. Iliyotikisika haina dawa.

Hatua ya 4: Kitufe cha +/-

Naomba msikipite haraka. Kwenye Canon ndogo unabonyeza kitufe cha Av +/- huku ukizungusha gurudumu dogo, kwenye Nikon ni kitufe cha +/- karibu na cha kufyatulia.

Kamera haijui kama mbele yake kuna kanzu nyeupe au baibui jeusi. Inachotafuta ni picha nzima iwe na mwanga wa wastani, ule wa kijivu. Kwa hiyo weupe ukijaa kwenye picha, inaupunguza mwanga. Weusi ukijaa, inauongeza. Sasa msimamishe mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kama zile kuta za Mji Mkongwe. Kamera inaona chokaa, inashusha mwanga, na uso wa mama unazama kiasi kwamba macho hayaonekani. Kosa hilo limewaharibia watu wetu picha nyingi mno, kisha tunaambiwa ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Si ngumu. Weka +1, tazama kioo, ongeza kama bado. Ukuta ukiungua kidogo, yaani ukitoka mweupe mtupu, si neno, aliyekuja kupigwa picha ni mama.

Bibi harusi mwenye shela akijaza fremu, anza na +0.7. Mavazi meusi yakijaza fremu, shuka hadi -0.7. Machweo ukitaka rangi zikolee, -1. Picha ya Idd yenye kanzu kumi nyeupe na nyuso nyeusi saa saba mchana ndiyo yenye mtihani: waingize wote kwenye kivuli cha mwembe ili jua lisiwakate machoni, pima mwanga kwenye uso wa mmoja wao, hakikisha kanzu hazijaungua, na kama unajua kuhariri, piga kwa RAW, faili ghafi la kamera.

Ukimaliza, rudisha kwenye sifuri. Kamera nyingi hukumbuka hata ukiizima.

Hatua ya 5: Nenda S pale mwendo unapokuwa ndio picha

Vijana wanaoruka baharini pale Forodhani, Zanzibar, ni somo zuri. Ukiwa kwenye A kamera inaweza kukupa 1/250 na miguu ikatoka na ukungu. Zungusha hadi S, weka 1/1000, wapige wakiwa hewani. Mpira wa mtaani, 1/500 na kuendelea. Kinyume chake ni bodaboda: weka 1/40, mfuate dereva kwa kamera huku unabonyeza, yeye atatulia na barabara itachoreka mistari. Nyingi zitaharibika, endelea kubonyeza.

Tahadhari: kwenye Tv ya Canon, namba ya tundu iliyo ndogo kabisa ikipepesa, lenzi imefika mwisho na picha itatoka na giza. Pandisha ISO au shusha shata.

Hatua ya 6: M, mwanga usipobadilika

Studio, fleshi za ukumbini, picha za kuunganisha za mandhari pana, bidhaa unazopiga mezani kwa ajili ya kuuza. Hapo mwanga ni ule ule, na hutaki picha moja ing'ae na inayofuata ififie kwa sababu mtu wa shati jeupe kapita. Panga mara moja, acha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikiwa kwenye Av usiku nikafungua fleshi, kamera inachelewa kufunga na watu wanatoka na vivuli vya ukungu. Fleshi mbovu?

Jibu: Marahaba. Fleshi ni nzima. Canon kwenye Av hutaka mwanga wa mazingira nao uingie, ndiyo maana shata inashuka hadi hata sekunde nzima. Nikon kwenye A kwa kawaida huishia 1/60. Hamia M: 1/100, f/5.6, ISO 800, na fleshi iache kwenye otomatiki, yenyewe itapima. Ukiona M inakuchanganya, P itakufaa, huko shata haishuki kiasi hicho.

Swali: Mkuu, picha zangu za ukumbini zinatoka na mistari myeusi, nyingine njano nyingine kijani, na sijabadilisha chochote.

Jibu: Ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya kasi inaona. Tumia S au M yenye 1/100, au 1/50 kama watu wametulia. Kama menyu yako ina sehemu ya kuzuia kupepesa kwa taa, iwashe.

Swali: Mwalimu, mimi niko Mombasa na natumia simu. Hili somo lanihusu?

Jibu: Lakuhusu sana dada yangu, hatua ya 4 kuliko zote. Gusa uso kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kwa kidole. Simu nyingi tundu lao halibadiliki, kwa hiyo kwenye modi ya Pro unabaki na shata na ISO. Ule ukungu wa nyuma wa modi ya picha za uso hutengenezwa na programu, basi angalia kingo za mtandio na nywele kabla hujamtumia mtu.

Swali: Zile alama za mlima, ua na mkimbiaji nizitumie?

Jibu: Ukimpa kamera mtu asiyejua, ndiyo. Mkimbiaji ni S yenye kasi, uso ni A yenye tundu kubwa. Ukishazijua herufi hutazihitaji.

Swali: Nimefuata hatua ya 3, lakini kamera yangu haina sehemu ya shata ya chini, na mwanangu akicheza sebuleni bado ana ukungu.

Jibu: Kwanza kuza picha uangalie. Kama mkeka au kiti cha nyuma kimetoka vizuri na mtoto peke yake ana ukungu usio na mwelekeo, fokasi ilimkosa: washa fokasi ya kufuatilia, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa wengine, na uweke nukta moja ya fokasi usoni. Kama ukungu umevutika kuelekea upande mmoja, ni shata. Hapo hamia S, weka 1/250, ISO iache ijipandishe. Na mvute mtoto achezee karibu na dirisha, ISO haitalazimika kupanda sana.