Andika programu yako ya kwanza ya Python kutoka kwa daftari la madeni

Shangazi yangu huuza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Wateja wake wengi huchukua gorogoro leo na kulipa Ijumaa, naye huandika kila deni kwenye daftari. Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa daftari hilo, na vijana ninaowafundisha huanzia hapo hapo.

Hatua ya 1. Keti na mwenye daftari, umuulize jioni anataka kujua nini. Shangazi alitaka jumla ya madeni, basi. Usiongeze lingine.

Hatua ya 2. Weka Python 3, ni ya bure. Kama huna kompyuta, weka Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu ya Android, kisha uandike humo `pkg install python`.

Hatua ya 3. Andika haya kwenye faili uliyoiita deni.py:

```
jumla = 0
while True:
    kiasi = input("Deni: ")
    if kiasi == "":
        break
    jumla = jumla + int(kiasi)
print("Jumla: KSh", jumla)
```

Iendeshe kwa `python deni.py`. Ukimaliza madeni, bonyeza Enter bila kuandika kitu. Zile nafasi nne mwanzoni mwa mistari ziache zilivyo. Ndizo huijulisha Python mistari inayorudiwa.

Sasa tukae kwenye `int`, maana wanafunzi wengi hukwama hapa. `input` huleta maandishi, hata ukiandika tarakimu tupu, na `int` huyageuza kuwa namba. Ondoa `int` uone: programu itagoma na kuandika TypeError, yaani umechanganya namba na maandishi. Kisha badilisha `jumla = 0` iwe `jumla = ""`, uingize 200 na 350. Utapata 200350, na hakuna onyo lolote! Kosa la namna hii ndilo baya, kwa sababu mama wa watu anaweza kumdai jirani kwa hesabu ya uongo. Jaribu zote mbili kwa mkono wako, kisha urudishe `int` na `jumla = 0` kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4. Hifadhi madeni. Kabla ya `while` weka `faili = open("deni.csv", "a")`, chini ya mstari wa `int` weka `faili.write(kiasi + "\n")`, ukiupangilia sawa nao. Mwisho kabisa `faili.close()`. Herufi "a" huongeza mwishoni mwa faili. Ukiweka "w", yaliyokuwemo yanafutika. Mimi niliweka "w" nikapoteza madeni ya wiki nzima, na daftari la shangazi ndilo lililotuokoa. Kwa hiyo aendelee kuandika kwa kalamu mpaka hesabu zilingane wiki mbili mfululizo.